Taa Iliyokubaliana na Nyumba ya Bibi

Saa nane ya mchana, jua la Lamu likiwa limewasukuma hata punda kwenye vivuli vya kuta, chumbani kwa bibi yangu lazima taa iwashwe. Aliyewahi kuingia nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani anajua ninachosema. Nje mwanga unaumiza macho. Ukivuka daka, kile kibaraza cha mlangoni, ukakata kona ya tekani, kipito cha ndani ya mlango, unatokea kiwandani, yaani ua ulio wazi juu, ambako mwanga unashuka kutoka juu kama maji ya kisimani. Ukiendelea, ukapita msana wa kwanza na wa pili, zile kumbi ndefu, giza linazidi kwa kila hatua, na ukifika ndani, kile chumba cha mwisho cha mwenye nyumba, huwezi kusoma hata jina lako kwenye bahasha.

Giza hilo lilijengwa kwa makusudi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, unene wake karibu nusu mita, zikapakwa chokaa. Dari ni la boriti za mikoko, na vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kuanza kupinda. Wazee walitaka ubaridi na walitaka sitara, wakavipata vyote viwili. Mji wetu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni nyumba za namna hii zilizotajwa na kusifiwa. Ila mwenye kuishi ndani yake kila siku anabaki na swali ambalo mgeni mwenye kamera haliulizi: ukiwasha taa humu, uwashe ipi?

Nimesoma maelezo mengi kuhusu taa za LED na karibu yote yanazungumzia bili ya stima. Na mimi nitaizungumzia, kwa sababu tokeni haziokotwi ufukweni. Lakini ninayotaka kusema hasa ni kwamba katika taa zote zilizopita katika nyumba hii, LED ndiyo ya kwanza isiyogombana nayo, na kwamba ilinichukua muda na fedha kulijua hilo.

Bibi amezipita zote. Anakumbuka kibatari cha kopo kilichokuwa kikitoa moshi mweusi ukabaki puani hadi asubuhi. Anakumbuka kandili na chemni yake, na jinsi yeye akiwa mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kuisugua kila alasiri, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mdogo ukaweza kuingia kwenye kioo. Anakumbuka karabai za harusi na za Maulidi, zile za kupigwa pampu, zilivyokuwa zikivuma kama nyuki na kumwaga mwanga mweupe barazani mpaka mende wakakimbia. Katika ukuta wa ndani, kwenye vidaka, vile vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, kuna kidaka kimoja cha chini ambacho kilikuwa cha kandili. Kimepakwa chokaa mara nyingi tangu hapo, na kila mara baada ya miaka michache doa la masizi hujitokeza tena, kivuli cha rangi ya chai juu ya weupe. Bibi hulipapasa kwa kidole akipita.

Kisha ikaja stima. Kwa miaka mingi Lamu haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Tuliishi kwa jenereta za dizeli, mpaka ilipofika njia ya kilovolti 220 kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen katika muongo uliopita. Fundi wa kwanza aliyetandika nyaya hapa alifanya walivyofanya mafundi wote: glopu moja katikati ya dari kwa kila chumba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini katikati, na kwa nini darini. Nyumba yenye vidaka themanini na kitu vya kuweka vitu ikapewa taa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuweka kitu chochote.

Nilihamia kwa bibi mwaka wa 2017, alipokuwa hawezi tena kukaa peke yake. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na tabia ya kazi hainiachi nikifika nyumbani. Nikafungua daftari la tokeni. Nikakuta tuna glopu tisa za wati 60, za waya, zikiwaka kama saa tano kwa siku, nyingine zaidi kwa sababu ya lile giza la mchana. Tisa mara sitini ni wati 540, na yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa saa tano ni yuniti 2.7 kwa siku, yuniti 81 kwa mwezi. Tuchukue shilingi 25 kwa yuniti kwa ajili ya wepesi wa hesabu, maana bei hupanda na kushuka: shilingi 2,025 kila mwezi, kwa taa peke yake, kabla ya friji na feni na pampu ya maji.

Fedha hiyo iliniuma, lakini kilichonikalisha chini ni kule inakokwenda. Glopu ya waya ni jiko linalotoa mwanga kidogo. Waya wake mwembamba unapashwa moto mpaka unawaka, na katika kila sehemu mia za umeme unaoingia, kama tano tu ndizo zinazotoka kama mwanga wa kuonekana. Zilizobaki ni joto. Mtu aliyekaa kitako ametulia hutoa joto la karibu wati 100, kwa hiyo glopu zetu tisa zikiwaka zote ni sawa na kuwaingiza nyumbani watu watano na kuwakalisha usiku kucha karibu na dari. Kuta za nusu mita zilizojengwa kuzuia jua lisiingie, sisi tukawa tunawasha majua madogo ndani yake, halafu tunawasha feni kuyapoza. Nilipolielewa jambo hili nilijisikia kama nimewakosea wajenzi.

Nikaenda dukani nikiwa na haraka ya mtu aliyegundua kitu. Nikanunua balbu za LED za bei ya chini kabisa iliyokuwepo, zimeandikwa wati 18 kwenye boksi, mwanga mweupe. Nikazifunga mwenyewe kabla ya magharibi, zote tisa, maana za pini huingia bila fundi.

Usiku ule bibi alitoka ndani akasimama msanani, mkono juu ya paji la uso kama mtu anayetafuta jahazi baharini.

"Mwanangu, zima taa hiyo. Yaniumiza mato."

Nikamwambia atazoea. Hakuzoea, na alikuwa na haki. Chokaa ambayo chini ya kandili na hata chini ya glopu ilikuwa na rangi ya maziwa ya nazi, sasa ilikuwa na rangi ya buluu ya mtu aliyezama. Vidaka vilipoteza kina, vikawa kama mistari iliyochorwa ukutani. Samaki wa nazi kwenye sinia alionekana wa jana. Dada yangu mdogo alikuja kupakwa hina kwa ajili ya arusi ya rafiki yake, na chini ya taa ile hina ikaonekana nyeusi kama wino. Ikabidi wangoje mchana, waende kiwandani, ili waione rangi yake. "Hapa si nyumba tena," bibi alisema, "ni sipitali." Na baada ya wiki saba au nane balbu mbili zilianza kupepesa, moja ikafa kabisa.

Nilimpelekea fundi ile iliyokufa. Ni mzee wa makamo anayetengeneza redio na simu na chochote chenye waya, na ninamheshimu kwa sababu hafungi kitu bila kukufahamisha alichokikuta. Aliikata balbu kwa msumeno mdogo akanionyesha. Zile chembe za njano zinazotoa mwanga, nyingi zilikuwa nzima. Kilichokufa ni sakiti iliyo chini yake, draiva, ambayo kazi yake ni kuupokea umeme wa volti 240 na kuwapa LED ule mdogo na uliotulia wanaouhitaji. Kapasita yake, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, ilikuwa imevimba. Akaichukua nzima mojawapo, akaipima: boksi limesema wati 18, mita ikasema saba.

"Mwalimu," akaniambia, "LED haifi. Kinachokufa ni alichokipunguza mtengenezaji."

Somo alilonipa siku ile limenifaa kuliko yote niliyosoma baadaye. LED nayo hupata moto, mdogo, lakini moto wenyewe hauruki kwenda mbele kama wa glopu. Hubaki nyuma, kwenye shina, na usipopata njia ya kutoka huipika draiva. Ndiyo sababu balbu nzuri huwa na uzito kidogo, ina aluminiamu ya kubeba joto. Ndiyo sababu ukiifunga ndani ya fanusi la kioo lisilopitisha hewa, utaizika kabla ya siku zake. Na hapa kwetu kuna jambo la tatu ambalo boksi halitalisema: chumvi. Upepo wa kusi unaileta mpaka ndani ya soketi, pini zinashika kutu, mgusano unakuwa wa kubahatisha, taa inapepesa, na mtu anailaumu balbu. Tulisafisha soketi zote tisa kwa msasa mwembamba. Mbili tulizitupa.

Kuhusu kununua, alinifundisha kuacha kuuliza wati. Tumezoea wati kwa sababu zamani glopu zote zilifanana, na sitini ikawa ina maana ya mwanga fulani. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unaotolewa huhesabiwa kwa lumeni. Glopu ya wati 60 ilikuwa ikitoa kama lumeni 700 hadi 800; LED nzuri hutoa kiasi hicho hicho kwa wati nane au tisa. Boksi lisiloandika lumeni lirudishwe rafuni. Halafu kuna rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa kelvini. Zangu za mwanzo zilikuwa 6,500, mwanga wa mawingu ya mchana. Mwanga wa glopu ni 2,700 hivi, na wa kandili uko chini zaidi ya hapo. Namba ikishuka, mwanga unasogea kwenye dhahabu. Ikipanda, unasogea kwenye buluu. Na cha mwisho, ambacho wauzaji wengi hawakijui, ni kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoandikwa CRI, kikomo chake ni 100. Balbu yenye 70 itakudanganya kuhusu kanga na hina na nyama. Yenye 80 inatosha kwa ukumbi. Mahali pa kupikia na pa kumpambia bibi arusi natafuta 90, hata nikilazimika kuagiza Mombasa.

Mwanga wa LED una hila ndani yake, na nikiwafundisha wanafunzi wangu huwa napenda kuwasimulia. LED nyekundu ya kuonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Kijani ikafuata. Lakini kwa miaka thelathini hakuna aliyeweza kuwasha nyumba kwa LED, kwa kuwa bluu ilikosekana, na bila bluu hupati mweupe. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waling'ang'ana na fuwele za galiamu naitraidi ambazo wengi walikuwa wameziacha, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 bluu yenye nguvu ikapatikana. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Balbu nyeupe iliyo darini kwako ni ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Sehemu ya bluu hupenya, sehemu hugeuzwa na ule unga, na vikichanganyika jicho linaona weupe. Unga ukiwa wa ubahili, bluu inazidi. Ile rangi ya mtu aliyezama iliyomtoa bibi chumbani ilikuwa bluu iliyokosa kifuniko.

Mara ya pili nilinunua kwa utulivu. Balbu tisa za wati 9, kelvini 2,700, shilingi 300 kila moja, jumla 2,700. Daftari la tokeni likabadilika: wati 81 badala ya 540, yuniti 12 na kidogo kwa mwezi badala ya 81, shilingi kama 304 badala ya 2,025. Gharama ya balbu ilirudi kabla ya mwezi wa pili kwisha. Glopu ya waya ilikuwa ikidumu kama saa 1,000, yaani kwa matumizi yetu siku 200. LED zilizotengenezwa vizuri hukadiriwa saa 15,000 na zaidi, ambazo ni miaka minane. Za kwetu saba kati ya tisa bado ni zile zile.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata nilichokitafuta. Lakini bibi bado alikuwa akibebewa kiti kila alasiri kwenda kiwandani ili asome msahafu.

Nilidhani tatizo ni macho yake, na kwa sehemu ni kweli. Jicho likizeeka mboni haifunguki sawasawa na lenzi inaingia unjano. Inakadiriwa kwamba mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya ule wa kijana wa miaka 20, na bibi ameivuka sitini zamani. Kwa hiyo taa inayonitosha mimi, yeye yuko gizani. Nilikuwa karibu kumwekea balbu kubwa zaidi darini. Ndipo nikakikumbuka kile kidaka cha masizi.

Kandili lilikuwa taa dhaifu kuliko hizi zote za umeme, na watu walikuwa wakisoma kwalo. Walisoma kwa sababu lilikuwa karibu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, nimeliandika hilo ubaoni mara zisizohesabika. Taa iliyo mita tatu kutoka kwenye ukurasa, ukiileta nusu mita, umbali umepungua mara sita na mwanga kwenye ukurasa umeongezeka mara 36. Glopu huwezi kuileta nusu mita kutoka kwenye bega la mwanamke mzee akakaa nayo kutoka alasiri hadi magharibi; itamtia joto begani na kuupasha ukuta moto. LED ya wati tano unaweza kuigusa kwa mkono.

Tukaiweka ndani ya kidaka kile. Fundi alipitisha waya kwenye pembe ya ukuta bila kutoboa chokaa, tukaielekeza taa upande wa kushoto wa kiti chake, chini ya usawa wa macho, ili asiione balbu yenyewe bali maandishi. Bibi akafungua msahafu, akanyamaza kidogo, akasoma aya kadhaa bila kuusogeza ukurasa karibu na uso. Halafu akaniita kutoka jikoni.

"Ndoo uone. Herufi zimerudi."

Tangu siku hiyo kiti hakijabebwa tena. Taa ya darini ya chumba kile karibu haiwashwi. Chumba kinatumia wati tano, kuta zimebaki baridi, vidaka vimepata tena kina chake kwa sababu mwanga unatoka pembeni na kuacha vivuli vilale vinapopaswa kulala. Nikazunguka nyumba nzima nikiuliza swali moja katika kila chumba: zamani taa iliwekwa wapi? Karibu kila mahali jibu lilikuwa ukutani, kimo cha mtu aliyekaa. Tumeondoa nusu ya taa za darini.

Habari za mtaani hazikai nyumba moja. Ami yangu yumo katika kamati ya msikiti wetu, na kabla ya Ramadhani moja akaniletea karatasi ya bili nimsaidie hesabu. Msikiti ulikuwa na taa 20 za mirija, za wati 36 kila moja. Ukiongeza kinacholiwa na choki, kile kifaa kinachoutuliza umeme wa mrija, kila mrija ni kama wati 44, jumla 880. Mirija ya LED ya wati 18 ingeleta 360. Kwa saa sita kwa siku tofauti ni yuniti tatu na kidogo, karibu 94 kwa mwezi, na katika Ramadhani, kwa tarawehe na kisimamo cha usiku, saa zinaongezeka. Kamati ilikubali. Nawatahadharisha wanaotaka kufanya hivyo: kuna mirija ya LED inayokubali choki ya zamani na kuna inayotaka waya wa moja kwa moja, choki na stata, kile kidude cha kuuwashia mrija, vitolewe. Kosa moja hapo linaunguza mrija au linamrusha mtu kwenye ngazi. Hii si kazi ya kijana wa kujitolea baada ya swala.

Ile mirija ya zamani na zile enaji seva zilizosokotwa zina zebaki ndani, chache kwa uzito lakini ni sumu. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kupambana na zebaki, zimekubaliana kukomesha utengenezaji, uingizaji na uuzaji nje wa enaji seva za kawaida ifikapo mwisho wa 2025, na mirija mirefu mwisho wa 2027. Ikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto, usifagie kwa ufagio mkavu. Tulizofungua msikitini bado ziko nzima kwenye boksi zao stoo. Kwenye kisiwa chenye jaa karibu na maji tunayochota, sikukubali zitupwe.

Wapo wanaoniuliza: Kenya si umeme wake mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo, basi balbu yangu inamdhuru nani? Ni swali zuri. Umeme wa nchi hutumika zaidi kati ya saa moja na saa tatu za usiku, saa za taa, na ni saa hizo mitambo ya mafuta inapowashwa kujaziliza. Taa ndiyo inayokula umeme katika saa yake ya ghali na chafu kuliko zote. Na sisi wa Lamu tuna sababu yetu. Kwasasi, ng'ambo ya pili, palipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Watu wa hapa, wavuvi na akina mama na vijana, waliupinga kwa miaka, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake. Nakumbuka furaha ya siku ile. Mwenye kusema hapana kwa makaa, naona ni wajibu wake ahesabu glopu zake.

Lakini hofu yangu siku hizi imegeuka upande. Kwa kuwa LED ni rahisi kuwasha, watu wanawasha kila mahali. Mapaa yamezungushiwa mikanda ya rangi. Taa za kumulika zenye mwanga wa buluu zimeelekezwa baharini, zinawaka hadi alfajiri, hazimulikii mtu. Tunaopanda juu ya paa kutafuta mwezi wa Ramadhani tunaanza kwa kuwapigia jirani simu wazime. Na kuna viumbe wasioweza kupiga simu. Kasa na ng'amba hutaga katika fukwe za visiwa vyetu mpaka hifadhi ya bahari ya Kiunga. Vifaranga wakitoka mchangani usiku hufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa mamilioni ya miaka ulikuwa bahari. Wakiona taa nyuma yao, wanageuka, wanatambaa kuelekea nyumba, na jua linawakuta huko. Dawa yake iko ndani ya LED yenyewe: mwanga wa kaharabu usio na bluu, ufungwe chini, ufunikwe juu, uelekezwe kwenye ngazi tu, uzimwe watu wakilala. Hakuna taa ya zamani iliyokuwa na utii huo. Nimelisema hili kwa wenye nyumba kadhaa upande wa Shela. Wawili wamebadilisha, na nitaendelea kuwaendea wengine.

Daka letu nimeliacha bibi aamue. Mafundi wawili wameshauri taa ya kisasa yenye kihisi, inayowaka mtu akipita. Bibi amekataa. Anataka fanusi la zamani, na ndani yake balbu ndogo ya wati tatu, kioo kimoja kiondolewe ili ipumue, iwake baada ya magharibi ili mpita njia aone ngazi na ajue wenyewe wapo.

Wiki iliyopita jirani alikuja kulalamika kwamba sebule yake mpya inamuumiza kichwa. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikafungua kinywa kuanza maelezo ya kelvini. Bibi alinitangulia kutoka kitini kwake, bila kuinua uso kwenye msahafu.

"Mwambiye mwenye duka akupe ya alfu mbili na mia saba. Kama hana, rudi."

Jirani alirudi baada ya isha, balbu mkononi ndani ya boksi, na kabla ya kwenda nayo kwake akaomba tuiwashe kwanza hapa, chumbani, bibi aione.